Herufi Inayoonyesha Miguu

Siku niliyowaaga ofisini, Akinyi alinipa daftari na kalamu mbili za buluu. "Dani," akasema, maana pale wote wananiita bibi kwa Kijaluo, "wale watakaokuja nyuma yetu hawatajua kwa nini programu yetu inafanya inavyofanya. Waandikie." Nikamwuliza niandike nini, mimi niliyeacha shule darasa la nne. Akasema niandike tu ninavyoongea. Basi, vijana, ninaandika ninavyoongea. Mkiona sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe. Mashine mnazo.

Sitawaambia nililipwa nini wala nilipandishwa lini. Cheo changu kilikuwa kimoja tu, "Macho", nacho alinipa Wafula kwa utani. Nitawaambia jinsi herufi zinavyoishi kwa familia, ni nani alinifundisha, na jinsi lebo ya dawa ya watoto ilivyotutoka mikononi ikiwa inasema uongo, mimi mwenyewe nikiwa nimeipitisha.

Nilianza kazi nikiwa msichana, katika kiwanda kidogo cha uchapaji nyuma ya soko hapa Kisumu. Tulikuwa tunakaa Kaloleni, nyumba za kaunsili, na nilikuwa natembea hadi kazini. Sikuchukuliwa kupanga herufi. Nilichukuliwa kuziosha. Wakati huo herufi zilikuwa za madini ya risasi, kila moja kipande chake, chembamba kama njiti ya kiberiti iliyokatwa nusu. Ukurasa ukishachapwa tuliufungua, tukaosha wino kwa mafuta ya taa, kisha kila herufi ikarudishwa kwenye chumba chake ndani ya treya ya mbao. Waoshaji tulikuwa wanne: mimi, Filgona Awuor, Perez Adongo, na Dismas Otiato ambaye alikuwa anaimba sauti ya nne ya kwaya tangu asubuhi mpaka tunamwomba apumzike kidogo na Mungu naye apumzike. Filgona alikuwa na mikono myepesi kuliko sisi wote. Perez alikuwa anapika chai ya nguvu. Ninawataja kwa sababu hakuna mahali pengine walipotajwa.

Mpangaji mkuu alikuwa Mzee Zablon Obonyo. Mtu mfupi, miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja, kidole gumba cheusi mpaka kwenye kucha. Siku yangu ya kwanza aliweka treya mbele yangu akaniuliza, "Hawa ni nani?"

Nikasema, "Ni herufi, Mzee."

"Hilo si jibu. Nikikuuliza hawa wanaopita njiani ni nani, utaniambia ni watu? Ni wa familia gani?"

Ndipo akanieleza. Herufi zenye sura moja ni familia. Kuna ile ya kawaida, ambayo ndiyo mkubwa wa nyumba. Kuna nene, ya vichwa vya habari na ya mambo ambayo mtu asiyapite. Kuna ya kulala, inayoinama kama mtu anayetembea na upepo mgongoni. Kuna nene ya kulala. Wote wana damu moja, na ukiwaangalia masikio na visigino, zile ncha ndogo za juu na chini, utaijua damu hiyo hata wakiwa wamevaa tofauti. Kisha akanionyesha jambo ambalo nimelishikilia maisha yangu yote. Alichukua namba tatu ya kawaida na namba tatu nene ya familia ileile, akaziweka kiganjani mwangu. "Unaona? Aliyechonga hii nene hakuchukua ile nyembamba akaongezea nyama. Alianza upya. Alipoongeza unene nje, alifungua nafasi ndani, ili mdomo wa tatu usije ukaziba. Nene anazaliwa nene. Havimbishwi."

Majina yao ya kizungu yalikuwa yameandikwa kwenye treya, lakini sisi tulikuwa na yetu. Familia ya Askofu ilikuwa na visigino vya ncha na ilitumika kwa mambo ya kanisa na mazishi. Familia ya Karani ilikuwa nyembamba, ya fomu na risiti. Familia ya Mnadani ilikuwa na matumbo makubwa, ya mabango. Mimi nilijifunza kusoma vizuri pale, na nilijifunza kichwa chini, kwa sababu herufi za risasi hupangwa zikiwa zimepinduka. Hata leo nikiketi mbele ya meza ya mtu ofisini, nasoma barua zake kutoka upande wangu bila taabu. Mjue hivyo mnapowapokea wazee.

Sasa, treya zile zilitengenezwa ng'ambo kwa lugha ya ng'ambo. Zilikuja na "e" kibao, lakini "a" zilikuwa chache. Sisi huku, Kiswahili na Kijaluo zote zinakula "a" kama watu wanavyokula omena, dagaa wa ziwani. Kila ukurasa wa tatu, "a" zimekwisha.

Nilikuwa nimemaliza mwaka nikiosha, Mzee Zablon akaanza kunipa mistari midogo ya kupanga. Siku moja tulikuwa na programu ya mazishi ya mama mmoja, Rosbela Anyango, mwalimu wa Sunday School. Mnajua kwetu mazishi bila programu iliyochapwa watu wanauliza kama marehemu alikuwa na watoto kweli. Nilipanga jina lake kwa familia ya Askofu, herufi nene, na "a" zikaniishia. Nikaona aibu kusema. Nikaingia treya ya Karani, nikaazima "a" mbili, nikazisimamisha katikati ya wale wengine. Zilikuwa na kimo kilekile. Nakala ya kwanza ilitoka, na kosa halikuonekana na mtu. Zikachapwa zote.

Mzee Zablon aliona mwisho, wakati Perez anazifunga kwa kamba. Alichomoa moja, akaiweka mbele yangu. Kisha akasema, "Umemchukua mtoto wa jirani, umemvalisha sare ya shule yetu, ukamweka kwenye mstari. Ulifikiri mwalimu hatahesabu?"

"Zilikwisha, Mzee. Nilitaka jina litoke zuri."

"Njoo."

Akanipeleka kwenye meza yake. Kila kipande cha herufi kilikuwa na sura juu na miguu chini, na katikati ya miguu palikuwa na mfereji. Akachukua herufi moja yenye upana wa "a", akaisimamisha kichwa chini katika mstari, akapaka wino, akachapa. Pale "a" ilipotakiwa zikatokea alama mbili nyeusi, kama mtu aliyejificha chini ya kitanda miguu yake ikabaki nje.

"Ukikosa herufi, geuza nyingine," akasema. "Ionyeshe miguu. Ukurasa utakuwa mbaya. Uache uwe mbaya! Kitu kibaya mtu atakiona, atakitafutia dawa. Ukificha, kinaenda hadi kaburini."

Na kilienda hadi kaburini, maana mazishi yalikuwa Jumamosi. Ile nakala aliyoichomoa aliitia kwenye droo yake na hakuitaja tena mpaka alipoacha kazi. Hiyo ndiyo adhabu aliyonipa. Ningependelea kutukanwa.

Miaka ilikwenda. Mzee Zablon alirudi kwao, na tulimzika kwa programu niliyoipanga mimi, na "a" zilitosha kwa sababu nilizihesabu kabla. Kompyuta zikaja. Treya zikauzwa kwa kilo, na familia ya Askofu nzima, visigino na vyote, ikayeyushwa na watu wa ziwani ikawa vyuma vya kuzamishia nyavu. Najua aliyenunua, ni mzee, Jaduong' kwa lugha yetu, Okumu Sila, na nyavu zake zinashuka vizuri. Mimi nilibaki kiwandani nikikagua nakala za kwanza, kwa sababu kompyuta ilikuwa inapanga haraka kuliko binadamu na inakosea haraka kuliko binadamu pia.

Ndipo akaja Akinyi. Msichana mrefu, amemaliza chuo Maseno, ameleta tangazo lake kwenye kijifaili tuchape. Nakala ikatoka, nikaitazama, nikamwambia, "Nyathina, mwanangu, hii nene yako imevimba. Haikuzaliwa hivi."

Akanitazama kama nimemtajia jina la mama yake. "Umejuaje?"

"Tazama tumbo la 'e'. Limeziba."

Akaketi kwenye benchi la wateja na hakuondoka hadi chakula cha mchana. Akaniambia yeye na mwenzake wanatengeneza maktaba. Nikafurahi, nikasema Kisumu inahitaji vitabu. Akacheka mpaka akashika ukuta. Maktaba yao ni fungu la amri za kompyuta ambazo mtu mwingine anayetengeneza programu anaweza kuazima badala ya kuziandika upya. Yao ilikuwa na kazi moja: kuchora maandishi. Programu inasema, nipe neno hili, familia fulani, nene, ukubwa fulani. Maktaba inatafuta faili la familia hiyo, inapata mtu sahihi, inamchora kwenye kioo au kwenye karatasi. "Mashine inasema imechora sawa," akaniambia. "Nahitaji mtu wa kuiambia kwamba haijachora sawa."

Nikaenda. Ofisi yao ilikuwa vyumba viwili juu ya mafundi wa cherehani, na sakafu ilikuwa inatetemeka wakishona suruali. Mwenzake alikuwa Wafula, kijana wa Bungoma, mpole, mwepesi wa vidole kama Filgona Awuor. Siku ya kwanza alinivutia kiti akaniuliza, "Mama, unajua kutumia kompyuta?"

"Hapana. Wewe unajua kupanga 'a' kichwa chini?"

"Hapana."

"Basi tumelingana. Nichapie karatasi."

Kazi yangu ilikuwa hiyo. Kila asubuhi Wafula ananichapia kurasa, mimi nazitazama kwa kioo cha kukuzia, naweka alama kwa kalamu nyekundu. Nilichokuta ni kwamba watu ni walewale, nyumba ndiyo imebadilika. Familia zina kawaida, nene, ya kulala. Unene sasa wanaupima kwa namba: mia nne ni wa kawaida, mia saba ni nene, na katikati kuna ndugu wengine ambao sisi kwenye risasi hatukuwahi kuwa nao. Faili moja linajitambulisha kwa jina la ukoo, lingine la familia ileile limeandikishwa kwa jina tofauti, basi maktaba inadhani ni mgeni na kumwacha nje ya mlango. Tulikuwa na familia moja ambayo nene wake alisajiliwa kama ukoo wake peke yake. Akinyi alihangaika naye siku tatu. Nikamwambia amwangalie visigino. Akanijibu, "Dani, kompyuta haioni visigino," kisha akaandika kitu, na jioni yake kompyuta ilikuwa inaona visigino. Sijui alifanyaje. Nimefanya kazi na watu wenye akili, lakini huyo msichana ukimwambia jambo la kijinga anarudi nalo likiwa limevaa viatu.

Mambo mawili ya kazi, niyaweke hapa nisije nikayasahau. Tazama ukurasa kichwa chini kabla hujausoma. Ukiusoma sawa, akili inakusaidia kuziba mapengo, na msaada huo ndio unaokupoteza. Na la pili, tazama kitu kwa ukubwa wake halisi. Hili la pili nililijua tangu kwa Mzee Zablon na nililivunja.

Akaja mtu mwenye mashine za lebo. Tulikuwa tunamwita Bwana Kennedy. Alikuwa na printa ndogo, za karatasi ile ya risiti inayochomwa kwa joto bila wino, na alitaka ziwekwe kwenye zahanati za ufuko wa ziwa. Sista, muuguzi wa zahanati, anaandika jina la mtoto, dawa na kipimo, printa inatoa lebo, inabandikwa kwenye chupa. Kipimo kitoke kwa herufi nene ili mama akione. Maktaba yetu ndiyo ingechora. Ilikuwa kazi ya kwanza kubwa ya Akinyi. Alikuwa amekataa kazi ya kufundisha kwa ajili ya ofisi ile, na baba yake alikuwa anamwuliza kila Jumapili kama bado wanachora herufi. Ikipotea hii, alituambia wazi, wanafunga mlango.

Wafula alinichapia lebo za majaribio kama zilivyochorwa ndani ya printa ya Bwana Kennedy. Kwa kunihurumia macho, alizikuza, kila lebo ikajaa karatasi nzima. Nikazitazama kichwa chini, nikazitazama sawa. Namba tatu ilikuwa kubwa kama sahani. Niliona kwamba unene wake haukuwa mzuri sana, nikasema moyoni labda ni ile karatasi. Nikaandika "sawa" na herufi ya jina langu. Printa ya kwanza ikapelekwa zahanati moja upande wa ufuko. Nyingine tisa zilikuwa ziende Jumatatu.

Ijumaa nilimpeleka kitukuu changu Valary zahanati hiyohiyo, ana kikohozi. Tumeketi kwenye benchi, akaingia mama mmoja mbio, kanga imelegea, chupa mkononi. Ni Mama Quinter, anakaanga samaki pale ufukoni, namfahamu. Akaenda moja kwa moja dirishani kwa Sista Jenipher.

"Sista, hii sirinji yako imeishia tano. Nane natoa wapi? Nijaze mara mbili?"

"Nane gani? Nilikwambia mililita tatu."

"Wewe uliniambia tatu kwa mdomo. Karatasi inaniambia nane. Sasa niamini nani, na karatasi ndiyo imetoka kwa kompyuta?"

Watu kwenye benchi wakacheka. Mzee mmoja mwenye bandeji akasema, "Amini karatasi, Mama. Sista alitoka shule zamani."

Sista hakucheka. Akauliza taratibu, "Umeshampa?"

"Ningempaje na sirinji imekataa?"

Niliinuka nikaomba ile chupa. Lebo ilikuwa ndogo kama kidole changu. Nikaigeuza kichwa chini. Ilikuwa namba tatu, maskini, lakini iliyovimbishwa. Midomo yake miwili ilikuwa imeziba kabisa, na kwa mtu yeyote mwenye mtoto mgonjwa na haraka ilikuwa nane. Nikamwambia Sista, "Nani wengine wamepewa leo?"

"Kwani wewe unahusika vipi, Mama?"

"Mimi ndiye niliyesema iko sawa."

Akanitazama. Akafungua kitabu chake cha wagonjwa, kwa bahati bado alikuwa anaandika kwa mkono pia. Wengine walikuwa wawili. Mmoja alikuwa hajatoka getini, ananunua ndizi, akaitwa akarudi. Wa pili alipigiwa simu, ikaita, ikakatika, ikaita tena. Simu ikashikwa, na sauti ya bibi ikasema mtoto anakula uji kwanza, dawa baadaye. Sista akasema, "Usimpe. Ngoja. Chukua kalamu." Akamwandikisha tatu kwa maneno, akamfanya arudie mara mbili. Kisha akaizima printa yetu kwenye ukuta, akachukua biro, na akaanza kuandika lebo kwa mkono wake. Hakunilaumu. Alimtibu Valary kama kawaida, akaniuliza anakohoa tangu lini. Huyo naye namwandika hapa: Jenipher Achola.

Nilimwacha Valary kwa mama yake, nikapanda zile ngazi za ofisi na lebo ya Mama Quinter kiganjani. Niliiweka kwenye meza ya Akinyi, nikamwambia, "Isome."

"Nane."

"Sista aliandika tatu."

Cherehani zilikuwa zinanguruma chini. Wafula akaichukua, akaitazama, uso ukambadilika. Alifungua kompyuta yake, na baada ya dakika chache akajua. Printa zilikuwa na nafasi ndogo, na mwenye printa alikuwa ametoa faili la nene kupunguza mzigo, bila kutuambia. Maktaba yetu ilipoombwa nene, ikaitafuta, ikaikosa. Basi ikachukua ya kawaida, ikaivimbisha, ikaitoa, ikanyamaza. Kile kipande cha kuvimbisha aliandika Wafula mwenyewe, na alikuwa amekipenda.

"Ilikuwa msaada, Dani," akasema. "Mtu akiomba kitu na hakipo, nilitaka asisumbuke. Nilitaka kitoke kizuri."

Niliyasikia maneno yangu mwenyewe, ya mbele ya meza ya Mzee Zablon. Sikuweza kumgombeza.

"Turudishe faili la nene," akasema. "Nusu saa tu. Jumatatu zinaenda, hakuna atakayejua."

Akinyi akauliza, "Na mwezi ujao akilitoa tena?"

Wafula akaondoa mikono kwenye kibodi.

Ndipo nikawaeleza habari ya Rosbela Anyango na zile "a" mbili za Karani, jambo ambalo sikuwa nimemweleza mtu, hata mume wangu. Nikachukua karatasi, nikawachorea kipande cha risasi, sura juu, miguu chini. Nikawachorea alama mbili nyeusi. "Ikikosa mtu wa familia, isivimbishe mwingine, isiazime kwa jirani kimyakimya. Ionyeshe miguu."

"Lebo ya dawa itoke na madoa mawili meusi?" Wafula akasema. "Dani, watasema programu yetu ni mbovu."

"Waseme," Akinyi akajibu. Alikuwa bado ameshika ile lebo. "Sista akiona miguu atachukua kalamu. Akiona nane atampa mtoto nane."

Akampigia Bwana Kennedy mbele yetu. Alimwambia yote, kwamba kosa ni letu, kwamba printa ile imezimwa, na kwamba Jumatatu hakuna kitakachokwenda. Tulimsikia akipaza sauti kwenye simu. Alisema atatafuta watu wanaojua kazi yao. Akinyi alisema, "Ni haki yako, Bwana," akakata, akaenda dirishani akasimama ametupa mgongo. Nilijua anafikiria Jumapili na baba yake. Nilimwendea, nikamwambia mimi ndiye niliyeweka sahihi kwenye karatasi zilizokuzwa, na nikifukuzwa nitaelewa. Bila kugeuka akasema, "Dani, nikikufukuza nani ataniambia nimevimba?"

Wafula hakusubiri kuambiwa. Jumamosi alikwenda zahanati peke yake akamwomba radhi Sista Jenipher, na akapita ufukoni kwa Mama Quinter, ambaye alimsema vizuri sana kisha akampa samaki wawili. Halafu akaketi akafuta kipande chake cha kuvimbisha, chote, na kuandika kingine. Nimeona wanaume wazima wakishindwa kufuta kitu walichokipenda. Yule alifuta.

Alhamisi Bwana Kennedy akaja mwenyewe, printa kwenye mfuko, uso umekunjwa. Akinyi hakumhubiria. Alitoa faili la nene mbele ya macho yake, akaandika jina la mtoto wa kubuni na kipimo, akachapa. Lebo ikatoka, na mahali pa namba palikuwa na alama mbili nyeusi.

"Hii ndiyo mnataka niwapelekee watu?" akauliza.

Nikamsogezea ile ya Mama Quinter. "Hebu nisomee na hii, Baba."

"Nane."

"Sista aliandika tatu," Akinyi akasema.

Alizishika zote mbili, moja kila mkono. Yeye naye alikuwa na mtoto wa miaka miwili, tulijua kwa picha ya simu yake. Mwishowe akaiweka ile ya nane chini, taratibu, kana kwamba inaweza kuuma. "Wekeni miguu," akasema. "Na mnionyeshe faili gani nisiliguse."

Mashine zilienda baada ya wiki tatu. Sista Jenipher alipigia ofisi simu mara moja tu, imetoka lebo yenye miguu, anataka kujua kama printa imeharibika. Wafula alimwambia haijaharibika, inasema ukweli. Faili lilirekebishwa siku hiyohiyo. Maktaba ile sasa inaazimwa na watu wa mbali ambao hatutawaona. Kipande hicho cha miguu kina jina ndani ya zile amri, na mtu akitaka kukitumia lazima aliandike. Wafula alikiita Zablon. Kuna vijana sijui wa nchi gani wanaandika jina hilo kila siku, hawajui kuhusu miwani iliyofungwa kwa uzi.

Nimeacha kwa sababu ya jicho la kushoto, limeanza kuona moshi, na mtu wa kazi hii hatakiwi kukisia. Siku ya kuniaga walifunga ofisi mchana. Mafundi wa cherehani walipanda juu, soda zikaja, Sista Jenipher akaja na Mama Quinter akaleta samaki. Akinyi alikuwa ameanza kuchora familia yake mwenyewe ya herufi, na kwa herufi hizo walinichapia karatasi nzuri ya shukrani, wakaitia kwenye fremu. Nilivaa miwani. Nikaigeuza kichwa chini kwanza, watu wakacheka. Kisha nikaisoma. Maneno yote yalikuwa yametulia vizuri kwenye mistari, ila katikati, mahali pa jina langu, palikuwa na safu ya alama nyeusi, mbilimbili, mwanzo hadi mwisho.

"Jina tulilitaka nene," Wafula akasema. "Na nene bado hajazaliwa. Akinyi amechora ya kawaida tu."

"Mngeivimbisha kidogo," mmoja wa mafundi akasema. "Ni sherehe!"

Ofisi nzima ilimgeukia yule fundi, akashangaa amekosea nini.

Akinyi akaifungua ile fremu nyuma, akatoa karatasi, akailaza mezani. Akachukua kalamu, na juu ya ile miguu, polepole, kwa mkono wake, akaandika: Pudensiana Auma.